Tende Zinachemka, Tende Zinachemshwa

Mlio jikoni, mlio garini kwenye barabara ya Ibra, mlio dukani Sur au Nizwa, na mlio mbali zaidi, Unguja, Mombasa, Bujumbura, karibuni tena katika mazungumzo yetu ya lugha.

Leo tunazungumza sarufi. Tafadhali usizime redio! Najua neno hilo linawakumbusha wengi fimbo ya mwalimu. Lakini nisikilize kidogo. Nimesema "usizime redio". Redio ikizimika, labda umeme umekatika, labda betri zimekwisha, hakuna wa kulaumiwa. Redio ikizimwa, yupo mtu. Na mimi nikikuomba usiizime, ni kwa sababu najua mkono wako uko karibu. Basi hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Jambo limetokea. Je, yupo aliyelifanya litokee? Na kama yupo, ametia mkono mwenyewe, ameagiza, au ameacha tu? Shika maswali hayo, tutayarudia mara nyingi.

Yametoka wapi? Yametoka kwa vijana wetu. Siku hizi hapa Oman wapo vijana wa Kiswahili wanaojifunza Kiholanzi. Usishangae. Bandari ya Sohar ni ubia wa Oman na Bandari ya Rotterdam, ubia ulioanza 2002, na shughuli za mafuta zimetuunganisha na Waholanzi kwa muda mrefu kuliko hapo. Wengine wana ndugu waliohamia kule, wengine wamepata nafasi ya kusoma. Kijana akianza Kiholanzi, mwezi wa kwanza mambo ni mepesi: jina langu nani, natoka wapi, chai bila sukari. Halafu anakutana na kitenzi kidogo kinachoitwa laten. Anafungua kamusi, anaambiwa maana yake ni "acha". Mstari wa pili, "ruhusu". Mstari wa tatu, "fanya" au "sababisha". Anafunga kamusi anauliza, na ana haki ya kuuliza: kuacha na kusababisha vinawezaje kukaa ndani ya kitenzi kimoja? Si vitu vinavyopingana?

Tutafika kwenye laten, nawaahidi. Lakini hatutaanzia Uholanzi. Tutaanzia hapa hapa, Wadi Bani Khalid.

Wengi mnaijua Wadi Bani Khalid kwa maji. Ni bonde la Sharqiyah Kaskazini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Maskati, na maji yake hayakauki mwaka mzima. Siku za mapumziko mabwawa ya Muqal hujaa familia, watoto wanaruka majini, wakubwa wanapuliza makaa. Mimi leo nawaomba tuyapite mabwawa. Tuingie kwenye mashamba ya mitende, mwezi wa Juni au Julai, jua likiwa halisemeki.

Wakati huo huvunwa tende za mabsali. Hizi haziachwi zilainike mtini. Hukatwa zingali za manjano na ngumu, halafu huchemshwa. Kazi hiyo kwa Kiarabu inaitwa tabsili, na huku Sharqiyah, kuanzia Ibra na Bidiya mpaka Wadi Bani Khalid, ni kazi ya jamaa nzima, wazee kwa watoto. Pana jiko la kujengwa. Moto unakokwa kwa magogo na makuti ya mitende yenyewe. Juu yake masufuria makubwa ya shaba, wenyewe huyaita marajili. Tende zinatiwa kwenye maji ya moto, zinakaa humo robo saa hivi au zaidi kidogo, zinaopolewa zikitoka mvuke, kisha zinaanikwa juani siku kadhaa mpaka zikauke na kujikunja. Kwa miaka mingi mteja wao mkubwa amekuwa India.

Haya. Umeiona kazi. Sasa nataka uisikie.

Moto unawaka, mzee ameuwasha. Sufuria limejaa, kijana amelijaza. Maji yanachemka, wanayachemsha. Tende zinakauka; jua linazikausha. Gunia linashuka kutoka begani, mchukuzi analishusha. Mzigo unasafiri; mfanyabiashara anausafirisha.

Umesikia? Waka, washa. Jaa, jaza. Chemka, chemsha. Kauka, kausha. Shuka, shusha. Safiri, safirisha. Kila hatua ya kazi ina vitenzi viwili, kama ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza anasema jambo limetokea. Wa pili anamleta aliyelitokeza, awe mzee mwenye kiberiti, awe mfanyabiashara, liwe jua.

Skulini tumefundishwa kuiita hii kauli ya kutendesha. Jina zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye majedwali. Mtoto anaandikiwa ubaoni: lima, limisha, cheza, chezesha, soma, somesha. Anakariri kwamba ukitaka kusababisha, chukua kitenzi, bandika -isha au -esha, basi. Akitoka nje unamsikia: "Mama, nimewakisha taa." "Bibi, maji nimeyachemkisha." Tunamcheka. Tunamcheka bure, kwa sababu amefuata jedwali letu neno kwa neno. Lisilomwambia jedwali ni kwamba kausha haikutokana na kubandika. K ya kauka imeyeyuka ikawa sh. Waka, washa. Anguka, angusha. Amka, amsha. Kumbuka, kumbusha. Sikiliza mwisho wa kitenzi cha kwanza: penye k, mara nyingi hutokea sh.

Na penye irabu mbili zilizofuatana? Jaa, jaza. Tembea, tembeza. Sogea, sogeza. Potea, poteza. Pungua, punguza. Z hii imetoka wapi? Imetoka kwenye l iliyokuwepo zamani katikati ya irabu zile, ikapotea kinywani. Unataka ushahidi? Sema "sogea" halafu mwambie mtu akusogelee. Umeisikia? Sogelea. Tembea, tembelea. Potea, potelea mbali. L imechungulia! Haikufa, imejificha, na ikikutana na usababishi wa zamani hutoka ikiwa z. Ndiyo maana pia lala, ambayo l yake haikupotea, inatupa laza.

Zipo nyingine chache za aina yao: ogopa, ogofya, pona, ponya. Hizo zikariri tu, ni chache. Na kwa vitenzi vilivyobaki, hapo ndipo jedwali lina kazi: a, i, u huvuta -isha, e na o huvuta -esha. Pika, pikisha. Cheka, chekesha. Basi, tumemaliza sauti. Nasisitiza jambo moja kwa walimu na kwa bibi zetu wanaofundisha wajukuu majumbani: fundisheni vitenzi viwili viwili, pamoja na kazi yake mkononi. Mtoto aliyewahi kuambiwa "maji yanachemka?" na "nani ameyachemsha?" mbele ya sufuria, hatasema chemkisha.

Sasa turudi kwenye swali letu: aliyesababisha ametia mkono mwenyewe, ameagiza, au ameacha?

Chukua nyumba moja ya Wazanzibari hapa Oman. Zipo nyingi, za watu waliokuja baada ya 1964, na hasa baada ya 1970. Bibi anasema Kiswahili, mjukuu anafikiri kwa Kiarabu. Mtoto mchanga analia. Mjukuu anaita kutoka sebuleni:

"Bibi, mfanye mtoto alale!"

Bibi anajibu:

"Njoo umlaze wewe, mwanangu. Kumfanya alale ni kazi ya usingizi."

Ipo tofauti gani hapo? Mjukuu hakuvunja sarufi. "Mfanye alale" ni Kiswahili. Lakini anayemlaza mtoto anamchukua, anamweka kitandani, anamfunika. Mkono upo. Anayemfanya mtoto alale, huenda amempa dawa, huenda amemwimbia mpaka amechoka, huenda amemtisha. Njia haijulikani, tunajua matokeo tu. Hali kadhalika kumlisha mtoto na kumfanya ale. Unayemlisha, kijiko kiko mkononi mwako. Unayemfanya ale, huenda umemwahidi mabwawa ya Muqal.

Kwa hiyo kitenzi kifupi, laza, lisha, nywesha, visha, mara nyingi hubeba mkono wa karibu. Maneno marefu, "fanya fulani afanye", hubeba umbali. Hii si sheria ya mawe. Ukiambiwa mtu anasomesha watoto watatu, usidhani anakaa nao darasani. Huko Bara mara nyingi maana yake ni kwamba analipa ada. Kwetu visiwani mwalimu naye husomesha, kwa chaki na sauti yake. Kitenzi ni kimoja, mkono mmoja uko ubaoni na mwingine uko mfukoni.

Na pale pesa inapoingia, -sha inageuza kabisa upande wa deni. Nimekopa: nadaiwa. Nimekopesha: nadai. Nimekodi nyumba: mimi ni mpangaji. Nimekodisha nyumba: mimi ni mwenye nyumba, kodi inakuja kwangu. Najua wengi mnasema "nimekodisha gari" mkiwa nyinyi ndio mnaolipa. Sitawafuata huko barabarani. Lakini mkiandika mkataba, tafadhali, iangalieni sana hiyo -sha.

Mjukuu wetu mwenye Kiarabu amebahatika kuliko anavyojua. Kiarabu kina mashine yake ya usababishi, na ameitumia tangu utotoni bila kuifikiria. Jaffa: kimekauka. Jaffafa: amekikausha. Nazala: ameshuka. Nazzala: ameshusha. Fahima: amefahamu. Fahhama: amefahamisha. Shariba: amekunywa. Sharraba: amenywesha. Umesikia kinachotokea? Herufi ya kati inakazwa, inawekwa shadda. Njia nyingine ni kutanguliza hamza: ghala, maji yamechemka, aghla, ameyachemsha. Mwambie mjukuu kwamba shadda yake, mara nyingi, inafanya kazi ya -sha yetu, na utaona uso wake unafunguka. Tena mwambie kwamba mambo haya ya mizizi na maumbo yalishughulikiwa zamani na Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtungaji wa kamusi ya Kitab al-Ayn, ambaye Waomani wanamhesabu kuwa mwana wa nchi hii. Hata neno letu la shambani, tabsili, limeumbwa kwa kipimo cha shadda hicho hicho.

Pana tahadhari moja. Kiswahili kilipochukua vitenzi vya Kiarabu, hakikuuliza kama shadda ipo au haipo. Baddala ya Kiarabu tayari ni kubadilisha kitu. Tukaichukua ikawa badili, kisha tukaiongezea yetu ikawa badilisha. Haqqaqa ikawa hakiki, kisha hakikisha. Usababishi juu ya usababishi, na hakuna aliyelalamika. Lugha haziogopi kuvaa makoti mawili.

Sasa swali jingine: kwa nini chemka inahitaji kubadilishwa sauti ili iwe chemsha, lakini vunja haihitaji chochote? Tunasema "nimevunja gudulia" kwa kitenzi kitupu, na ni pale gudulia linapojivunjia lenyewe ndipo tunaongeza: limevunjika. Njia imegeuka! Mwanaisimu Mjerumani, Martin Haspelmath, alichapisha mwaka 1993 utafiti uliolinganisha jozi 31 za vitenzi katika lugha 21, Kiswahili na Kiarabu zikiwemo. Aliloliona ni jambo ambalo mchemsha tende angelikubali papo hapo. Mambo ambayo watu huyaona kama yanatokea yenyewe, kama kuchemka na kukauka, lugha nyingi huyapa kitenzi cha msingi, na mtu akiingia kati ndipo sauti inaongezwa. Mambo ambayo kwa kawaida yanahitaji mtu, kama kuvunja na kufunga, kitenzi cha msingi ni cha mtu, na kitu kikifanyika chenyewe ndipo sauti inaongezwa. Funga, fungika. Vunja, vunjika. Pasua, pasuka. Tende ukizisahau juani zitakauka bila wewe. Mlango hauna tabia hiyo.

Haya, tumetembea vya kutosha, sasa twende Uholanzi tukiwa na tende zetu mkononi.

Mholanzi anasemaje maji yanachemka? Het water kookt. Anasemaje nachemsha maji? Ik kook water. Kitenzi ni kile kile, koken! Hakuna k iliyogeuka, hakuna shadda. Na kukauka je? De dadels drogen, tende zinakauka. Wij drogen de dadels, tunazikausha tende. Drogen na drogen. Kwa hiyo mchemsha tende wa Wadi Bani Khalid anayetumia vitenzi vinne vya Kiswahili, angemaliza kazi kwa viwili tu vya Kiholanzi. Kinachomwonyesha Mholanzi nani amefanya nini ni mpangilio wa sentensi: nani yuko mbele, nini kiko nyuma.

Ila hapo zamani lugha hiyo nayo ilikuwa na washa na laza zake, na baadhi zimebaki. Liggen ni kulala chini au kuwa mahali; leggen ni kulaza, kuweka. Zitten ni kukaa. Zetten ni kuketisha, kuweka wima. Vallen ni kuanguka. Vellen ni kuangusha, na hutumika hasa kwa mti. Drinken ni kunywa. Drenken ni kunywesha, na wanaonyweshwa kwa kawaida ni mifugo. Zuigen ni kunyonya. Zogen ni kunyonyesha. Irabu ya ndani imebadilika, ndiyo kazi yake. Kijana wetu anayechanganya liggen na leggen, na wanachanganya sana, asitafute kanuni ndefu. Ajiulize swali la bibi: ni kulala, au kulaza?

Jozi hizo ni chache na haziongezeki tena. Kwa mengine mengi Mholanzi anategemea vitenzi viwili vya kusaidia, laten na doen. Sasa ndio tumefika.

Tuanze na doen, maana habari yake ni fupi. Maana yake ya kila siku ni kufanya. Lakini kama kitenzi cha kusababisha, hupenda nguvu zisizo na hiari: jua, upepo, habari, kumbukumbu. De zon doet de sneeuw smelten, jua linayeyusha theluji. Dat doet me denken aan mijn moeder, hilo linanikumbusha mama yangu. Jua halikuagiza mtu, limeyeyusha moja kwa moja. Wanaisimu Arie Verhagen na Suzanne Kemmer walieleza mwaka 1997, katika makala yao kuhusu vitenzi hivi viwili, kwamba doen ni ya usababishi wa moja kwa moja, na laten ni ya usababishi unaopita kwa mwingine, hasa mtu anapomfanya mtu mwenzake atende. Mtu ana akili yake na hiari yake. Huwezi kumyeyusha kama theluji, inabidi upitie kwake.

Na laten je? Kuacha na kusababisha pamoja? Wasikilizaji wa Oman, jibu mnalo midomoni tangu asubuhi. Mmesema khalli mara ngapi leo? Khallih yil'ab: muache acheze. Hapo ni ruhusa. Lakini mwanafunzi akirudi nyumbani akisema mwalimu khallani a'id ad-dars, je, mwalimu amemruhusu kurudia somo? Ruhusa gani hiyo! Amemrudisha kwa lazima. Khalla ni kuacha, na khalla hiyo hiyo ni kufanya. Nasi Waswahili tusijione hatuhusiki. Mtu amesimama mlangoni, unamwambia "hebu nipishe". Pisha imetokana na pita, kwa ile sh yetu ya kutendesha. Je, unamwomba akusukume upite? La, unamwomba aondoke njiani, akuache upite. Kwa hiyo -sha yetu nayo, mara moja moja, inajua kuruhusu.

Basi laten ni khalli ya Kiholanzi. Ik laat de kinderen spelen, nawaacha watoto wacheze. Ik laat de kinderen hun kamer opruimen, nawafanya watoto wasafishe chumba chao, na tunajua watoto hawakuomba. Kitenzi hakikubadilika. Anayekwambia ni ruhusa au ni amri ni hali yenyewe: je, mtendaji alikuwa anataka?

Sasa sikiliza mahali Mswahili anapoanguka sana. Umetoka kwa kinyozi, kichwa kinang'aa. Kwa Kiswahili unasema "nimenyoa". Hakuna atakayekuuliza kama ulishika wembe mwenyewe. Mtu anasema "nimejenga nyumba Ibra", na hajawahi kubeba tofali hata moja. Sisi tunamtaja mwenye shauri na mwenye pesa, fundi anaeleweka yupo. Ukilipeleka hilo Uholanzi, ukasema ik heb mijn haar geknipt, watakutazama kichwa kwa makini, maana umesema umejikata nywele kwa mkono wako. Inabidi useme ik heb mijn haar laten knippen. Nyumba vivyo hivyo: ik heb een huis laten bouwen. Fundi lazima aachiwe nafasi katika sentensi, hata kama hatajwi jina. Nakuomba uikariri hiyo ya nywele, ndiyo utakayoitumia kabla ya nyumba.

Na hapo hapo kuna mtego wa umbo. Aliyesoma kidogo anajua kwamba baada ya heb kitenzi huvaa ge- mbele: geknipt, gebouwd. Kwa hiyo anataka kusema gelaten. Asiseme. Laten ikiwa na kitenzi kingine nyuma yake, hubaki kama ilivyo: laten knippen, laten bouwen, viwili vimesimama mwishoni mwa sentensi bila ge-. Narudia: heb mwanzoni, laten na mwenzake mwishoni, ge- hakuna. Na te pia hakuna katikati yao.

Kuna laten ya tatu, nyepesi, ambayo haina fumbo: laten we gaan, twende. Hiyo ni ya kuhimizana tu.

Sasa tuijaribu laten kwenye jiko la Wadi Bani Khalid. Mzee mwenye shamba amesimama kando ya sufuria la shaba, fimbo mkononi. Mholanzi mgeni anamtazama, anasema: Hij laat de dadels koken.

Amesema nini? Mpe kijana wetu atafsiri. Akisema "anaziacha tende zichemke", ni sawa: moto upo, tende zimo, mzee anasubiri. Akisema "anaagiza tende zichemshwe", ni sawa pia: mzee ametoa amri, vijana ndio wanaochemsha. Sentensi ya Kiholanzi inabeba zote mbili, kwa sababu laten ni kuacha na ni kuagiza, na koken ni kuchemka na ni kuchemsha. Mlango mmoja, vyumba viwili. Lakini wewe Mswahili huwezi kuitafsiri ukabaki hapo mlangoni. Inabidi uchague: zichemke, au zichemshwe. Sauti mbili tu zinatofautiana, na mtendaji ameingia au ametoka.

Mholanzi akitaka kukusaidia, anayo njia. Akiongeza door de arbeiders, yaani kwa mikono ya wafanyakazi, basi ni amri: hij laat de dadels door de arbeiders koken. Akiongeza nog even, bado kidogo, basi ni kuacha: hij laat de dadels nog even koken, anaziacha zichemke kidogo tena. Ukisikia door, tafuta mtendaji. Ukisikia nog even, tulia, jambo linajiendea lenyewe. Ukiwa huyasikii yote mawili, muulize aliyesema. Waholanzi hawaoni haya kuulizwa.

Kwa wiki hii nawaachia kazi ndogo, nayo ni ya pande zote. Wanaojifunza Kiholanzi: umepeleka kanzu ya Idi kwa fundi cherehani, ameshona, umeichukua. Semeni hivyo kwa sentensi moja, mkikumbuka kwamba kushona ni naaien na kwamba hamkushika sindano. Wanaofundisha wajukuu Kiswahili: keti na mtoto jikoni, mhesabie jozi zote mnazozisikia mpaka chakula kiive, na mwishowe muulize chakula kimeiva au kimeivishwa. Na nyote mlioko visiwani, mwambao na Bara, hebu mniambie: kanzu hiyo kwenu mnasema "nimeshona kanzu", au "nimeshonesha kanzu"? Nina rai yangu, lakini nitaizuia mpaka nisikie zenu.

Wiki ijayo, inshallah, tutaingia kwenye kauli ya kutendeka, na swali la kwa nini chakula cha fulani kinalika na cha fulani hakiliki.